Hivi vyuoni tunafundishwa kufanya utafiti au tunafundishwa kujaza chapta tano?

Kiboroloni77 (mleta uzi):
Wakuu kwema? Niende kwenye mada moja kwa moja. Nipo Moshi, nafanya kazi kwenye kashirika kadogo kanakofanya tafiti za wakulima huku Hai, Siha na Rombo. Kila msimu tunachukua vijana waliomaliza chuo watusaidie kukusanya na kuchambua data. Wengi wana digrii, wengine masta kabisa, na kwenye sivii kila mtu kaandika anaijua SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu. Sasa mpe fail la kaya mia tatu na kitu mwambie nipe wastani wa watoto kwa kaya. Kuna kaya zimeandikwa watoto 99, yeye wala hashtuki, hajiulizi kwamba 99 ni namba tu tunayoweka mtu asipojibu, anapiga wastani hivyo hivyo anakuletea kwamba kaya moja ya Rombo ina watoto kumi na moja. Ukimuuliza tasnifu yako ulihoji wangapi, 100. Kwa nini 100? "Supavaiza alisema wanatosha."

Swali langu, tatizo liko wapi? Walimu, wanafunzi, hela, au tumeshakubaliana kimya kimya kwamba tasnifu ni fomu ya kutokea chuoni? Watu wa MoCU, KCMC, Makumira, Mandela, IAA, Mwenge njooni mseme. Matusi jukwaa lingine.

Mangi wa Sakina:
Nimewahi siti ya mbele. Mtu alete mbege.

Dada_Njiro:
Mimi nimefundisha somo la mbinu za utafiti kama mwalimu msaidizi (chuo sikitaji) na nakuambia utafiti unafundishwa kama vile somo la historia. Ukumbi una watu mia nne, unawaandikia aina za sampuli, unawaandikia faida na hasara za dodoso, kwenye mtihani swali ni "taja na fafanua aina sita za sampuli". Mtoto anapata A safi. Hajawahi kupewa orodha ya majina akaambiwa haya chagua ishirini bila upendeleo tuone. Ni kumfundisha mtu kuogelea ubaoni halafu mwaka wa tatu unamtupa ziwa Jipe.

Tindigani:
Dada Njiro umetema madini ila umesahau kwamba hao hao form four walikimbia hesabu, wakaenda HGL (historia, jiografia na lugha), wamefika chuo wanakutana na takwimu. Unategemea nini. Tatizo limeanza sekondari msitafute mchawi chuoni.

Dada_Njiro:
@Tindigani nina wanafunzi waliosoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) na wao wanafanya hivyo hivyo. Mtu anajua kutafuta difrensia lakini hajui kuhoji namba imetoka wapi. Siyo hesabu tu.

Yamane wa Pasua:
Mleta uzi hapo kwenye 100 umenigusa, na huyo ni afadhali kasema ukweli. Wengine wote wanakimbilia fomula ya Yamane ya 1967 (msinicheke jina, nilipewa chuoni). Unachukua idadi ya watu unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara 0.05 kipeo cha pili. Watu 1,200 inakupa 300, safi. Sasa chukua kikokotoo uweke Watanzania wote kwa sensa ya 2022, yani 61,741,120. Jibu ni 400. Weka Wachina wote, 400. Haivuki hapo hata uweke na ng'ombe.

Watu wanaona ni fomula ya "sampuli ya utafiti" wakati yenyewe inajibu kaswali kamoja tu, kwamba nikitaka kukadiria asilimia fulani nikakosea isizidi pointi tano juu au chini, na watu wangu nimewaokota kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili, nahitaji wangapi. Sasa wewe unalinganisha wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na wasio wanachama, umeingia vijiji vinne, kila kijiji umehoji waliokuja mkutanoni, Yamane anakuhusu nini hapo? Watu wa kijiji kimoja mvua yao moja, barabara yao moja, mnunuzi wao mmoja. Kuhoji mia wa kijiji kimoja siyo sawa na kuhoji mia wa vijiji ishirini. Hiyo sehemu hamna anayeuliza siku ya kutetea. Wanauliza "mbona marejeo hayajafuata mpangilio".

Kisamvu cha Nazi:
Na ile meza ya 384 ya Krejcie na Morgan 1967 je? Mi ndo nilitumia.

Lyamungo Juu:
1967 ni Yamane. Krejcie na Morgan ni 1970. Ukifika watu milioni moja meza yao inakupa 384, na mantiki ni ile ile, tofauti ni kwamba Yamane kachukua 2 pale ambapo wenzake wamechukua 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95). Ndo maana huyu anaganda 400 na wale 384. Wala siyo shule mbili za fikra kama wengi wanavyoandika kwenye chapta ya tatu.

Kisamvu cha Nazi:
Shukrani mkuu. Niliandika ukurasa mzima wa kuwalinganisha na nikapewa B+ 😂

Babu wa Uru:
Salaam vijana. Mimi ndiye huyo mnayemhoji. Niko Uru, nina kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu baba, na kila mwaka karibu na mwezi wa saba wananijia watoto wa chuo, mmoja ana karatasi, mwingine ana simu. Kwanza anauliza una eka ngapi. Kihamba hakina eka mjukuu wangu, kinaanzia kwenye isale (mmea wa mpaka) la yule mzee mpaka kwenye mfereji. Namtajia mbili aridhike. Halafu ndizi unavuna kilo ngapi kwa mwaka. Ndizi nani anapima? Mama anakata mkungu unauzwa, mwingine unapikwa mtori, mwingine wa ng'ombe, mwingine anachukua dada yangu. Maharage ukiniuliza debe nitakujibu hata usiku wa manane, yeye anataka kilo. Mwisho anakuja na yale ya moja mpaka tano, nakubali sana, nakubali, sijui, sikubali. Yapo arobaini. Mimi nasema nne, nne, nne, nne mpaka amalize nikakate majani ya ng'ombe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniambia hizo nne zilikwenda wapi.

Mangi wa Sakina:
Babu kaua uzi 😂😂 nne nne nne

Yamane wa Pasua:
Babu shikamoo. Hapo kwenye nne nne ndo ile wanaita kukubali kila kitu, na dawa yake ni rahisi, baadhi ya maswali unayageuza, moja liseme "ushirika unanisaidia" na jingine "ushirika haunisaidii", mtu akijibu nne kote unajua alikuwa anawaza majani ya ng'ombe. Ila wanafunzi wakigeuza alfa ya Cronbach (kipimo cha kama maswali yanaendana) inashuka chini ya 0.7 kwa sababu wanasahau kuigeuza namba kabla ya kupiga hesabu, supavaiza anawaambia futeni hayo maswali. Basi yanabaki yale ya kukubali tu, alfa inapanda 0.9, wote wanapongezana.

Lyamungo Juu:
Shikamoo Babu, na kwa eka uko sahihi. Watu wa tafiti za kaya za Benki ya Dunia walishapima mashamba kwa GPS wakalinganisha na anachosema mwenye shamba, mwenye kipande kidogo anataja kikubwa kuliko kilivyo na mwenye kikubwa anataja kidogo. Sasa wewe ukigawa mavuno kwa eka za mdomoni unapata kwamba wakulima wadogo ni wabovu kuliko walivyo. Hilo debe la Babu ndo kipimo cha kweli, dodoso lingeuliza debe kwanza, kupiga kwenda kilo ni kazi ya mtafiti, debe la maharage unalipima mwenyewe kwenye mzani pale Mbuyuni unamaliza.

Tindigani:
Na kwa Wamaasai kule Longido usithubutu kuuliza ng'ombe wangapi. Mimi nilikuwa naandika majibu kwenye utafiti mmoja, mzee akatuuliza kwani serikali inataka kuwafanyaje. Akatuletea chai, akatusindikiza, namba hakutoa. Kwenye karatasi mwenzangu akaandika 30. Kwa nini thelathini? Kasema zinaonekana za kawaida.

Kiboroloni77:
Ndo hapo sasa. Hio thelathini ikiingia SPSS haina tofauti na thelathini ya kweli.

Mzee wa Chapta Nne:
Nimesoma kimya naona mnatuzunguka tu. Mimi ndo hao wa steshenari. Nipo Arusha jirani na chuo kimoja, sitakitaja wala jina langu. Kijana anakuja na madodoso sitini, mwandiko mmoja, kalamu moja ya bluu, karatasi hazina hata kukunjika, na wote sitini wameolewa. Namuuliza mdogo wangu hizi umejazia hosteli namba ngapi, anacheka. Namuingizia, nampigia majedwali, namwandikia chapta nne, ya matokeo. Siku hizi AI imetuharibia soko la chapta mbili, ya mapitio ya maandiko, hiyo mtu anajifanyia mwenyewe usiku. Chapta nne bado wanarudi maana AI inawapa jedwali zuri halafu hawajui namba zimetoka wapi.

Sijutii, watoto wangu wanakula. Ila niwape siri, kama vyuo vinataka kutumaliza ni jambo la dakika kumi. Siku ya kutetea usimuulize chochote cha kukariri. Mwambie fungua fail la data hapa hapa mbele yetu, rudia jedwali la 4.3. Basi. Mwaka mmoja tu mimi nafunga nafungua duka la mchele. Lakini hawaulizi na mimi najua kwa nini hawaulizi.

Ngarenaro Finest:
Chalii yangu umetisha. Sema sasa kwa nini hawaulizi usituache njiani.

Mzee wa Chapta Nne:
Wengine wananiletea na zao.

Mangi wa Sakina:
🙊 Mods uzi usifutwe tafadhali

DktMtarajiwa:
Ngoja nitetee walimu kidogo maana naona wanapigwa mawe. Hizo dakika kumi za Mzee wa Chapta Nne ni dakika kumi mara wangapi? Nina wanafunzi wa digrii zaidi ya arobaini, wa masta kumi, vipindi, mitihani ya kusahihisha, na PhD yangu mwenyewe haijaisha. Tasnifu zote zinakuja ndani ya wiki mbili kwa sababu ya tarehe ya mahafali. Nikimrudisha mtu mmoja mkopo wake umeisha, bumu hamna, mzazi anapiga simu, mkuu wa idara anapiga simu. Unasaini.

Kingine ni cheo. Unapandishwa kwa idadi ya makala, hamna kamati inayofungua fail la data. Ndo maana majarida ya kulipia yakafurika, unatuma Jumatatu Ijumaa limetoka. Kulikuwa na yule mkutubi wa Colorado, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha yake ya majarida ya kitapeli, ilitusaidia kuwashtua watu, Januari 2017 akaitoa mtandaoni. Tangu hapo kila mtu anajitetea mwenyewe.

Na mwalimu ambaye hajafanya utafiti wake wenyewe miaka mitano, anaishi kwa ushauri elekezi wa mashirika, atamfundisha nani? Ripoti za mashirika swali unapewa, dodoso unapewa, hitimisho karibu unapewa.

Dada_Njiro:
Hapo kwenye ushauri elekezi nakuunga mkono, hapo kwenye kusaini hapana. Ungekuwa daktari ungesaini?

DktMtarajiwa:
Daktari hana wagonjwa arobaini wanaopasuliwa wiki moja.

Nesi wa Shanty Town:
Anao, karibu wodini 😅 Ila niongezee kitu. Kwenye tafiti za afya hapa Moshi hali ni tofauti kidogo, na siyo kwamba sisi tuna akili. Ni kwa sababu kuna taratibu zinakubana: huanzi bila kibali cha maadili, kila fomu ina namba, data inaingizwa mara mbili na watu wawili tofauti halafu zinalinganishwa, kuna mtu anakuja kukagua fomu na faili la mgonjwa. Kijana anayepita pale kama karani wa data miezi michache anatoka anajua kitu ambacho darasani hakipo. Shida yetu ni ya upande mwingine. Mradi mmoja niliofanya, sampuli za damu tulichukua sisi, fomu tulijaza sisi, uchambuzi ukafanyika Ulaya. Jina langu liko kwenye shukrani. Kwa hiyo nusu ya kazi tunaijua vizuri sana, nusu nyingine tunaisoma kwenye makala kama ninyi.

Tindigani:
Kumbe tatizo ni wazungu.

Nesi wa Shanty Town:
Sijasema hivyo soma vizuri.

Kibosho_Road:
Mimi nasema ni hela tu. Mwanafunzi wa digrii anapewa hela ya utafiti ambayo nauli ya kwenda Mwanga na kurudi mara chache inaimaliza. Kuna barua ya chuo, unapeleka kwa mkurugenzi, unapewa barua ya kwenda kwa mtendaji kata, yeye anakupeleka kwa mtendaji wa kijiji, yeye kwa mwenyekiti, na kila meza kuna "hela ya maji". Halafu COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) nao wanataka kibali chao. Mtu akijazia hosteli mimi namuelewa.

Lyamungo Juu:
COSTECH mnaisingizia. Kibali chao kinawahusu hasa watafiti wageni, mwanafunzi wa Kitanzania kwenye chuo cha hapa anatembea na barua ya makamu mkuu wa chuo wake. Hela ya maji hiyo ni kweli siwezi kupinga.

Kisamvu cha Nazi:
Na ile sheria ya takwimu iliyokataza watu kufanya utafiti bila NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu)?

Lyamungo Juu:
Haikukataza utafiti. Marekebisho ya 2018 yalibana kutangaza takwimu zinazopingana na za NBS, kukawa na kesi ya kujibu ukikosea, watu wakaogopa kweli. 2019 ikarekebishwa tena ikalegezwa. Tatizo ni kwamba hofu ilibaki, kuna walimu mpaka leo wanamwambia mwanafunzi achana na hayo mambo ya umaskini andika kuhusu masoko ya kidijitali.

Yamane wa Pasua:
@Kibosho_Road hoja ya hela naikubali nusu. Kuna data kibao za bure zimelala. NBS wana ule utafiti wa kufuatilia kaya tangu 2008/09, unajisajili kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia unashusha lote, mashamba, mavuno, matumizi, elimu, kila kitu, maelfu ya kaya nchi nzima. Kaya zile zile zimehojiwa raundi baada ya raundi. Mwanafunzi wa Moshi mwenye laptopu ya RAM giga nne na R, programu ya takwimu ya bure, anaweza kufanya kazi ambayo mtu wa Ulaya anapatia PhD. Kwa nini hawafanyi?

DktMtarajiwa:
Kaya zile zile mpaka 2012/13, raundi ya 2014/15 sampuli kubwa ikawa mpya, wa zamani wakabaki sehemu tu. Mtu akiunganisha raundi zote bila kusoma mwongozo anapata maajabu. Na jibu la kwa nini hawafanyi: supavaiza anakuambia "hujaenda fildi, hii siyo risechi". Nimeshuhudia kwenye kikao. Kijana kaleta kazi nzuri ya data za NBS akaambiwa akahoji wafanyabiashara hamsini wa soko la Kilombero.

Kibosho_Road:
Hiyo R ni ya Wamarekani si itafungwa siku moja kama misaada yao? Tuliona tafiti za afya za DHS zilivyosimama mwanzoni mwa 2025.

Lyamungo Juu:
R imeanzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya tisini, Ross Ihaka na Robert Gentleman. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi, hamna wa kuizima. SPSS za kukraki mnazopeana kwenye flashi ndo zitawaua, zinakuja na virusi vya babu na bibi.

Ngarenaro Finest:
Sasa nyie wasomi mnasahau kwamba utafiti mkubwa kuliko wote kutoka kwetu haukuwa na SPSS wala hela ya maji. Erasto Mpemba! Jamaa wa Mweka hapo juu, aliona maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, dunia nzima wanaita athari ya Mpemba.

Lyamungo Juu:
Mweka alikuja baadaye. Aliyaona 1963 akiwa Magamba sekondari kule Lushoto, walikuwa wanatengeneza aiskrimu, akaogopa kukosa nafasi kwenye friji akaweka maziwa yakiwa bado ya moto, yakaganda mapema. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo ya ulimwengu. Akiwa Mkwawa, Iringa, akaja profesa kutoka Dar, Denis Osborne, akamuuliza mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu. Makala yao ikatoka 1969, wakati huo ndo Mpemba yuko chuo cha wanyamapori Mweka.

Dada_Njiro:
Na kipande ninachokipenda mimi, yule fundi wa maabara Dar alipopima akakuta kweli ya moto imetangulia, akamuahidi Osborne kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi 😂 Huyo fundi ndiye supavaiza wa nusu ya nchi hii. Ukikosa p chini ya 0.05 (kizingiti cha kusema matokeo yana maana) rudia, ondoa watu wawili watatu, rudia.

DktMtarajiwa:
Kwa haki tu, 2016 Burridge na Linden walirudia vipimo kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa maana, ukisogeza kipima joto sentimita moja jibu linabadilika. Bado watu wanabishana.

Ngarenaro Finest:
Sasa unamvunjia jamaa heshima.

DktMtarajiwa:
Hapana, mtu kapima, mwingine kapima akapinga, hakuna aliyejazia hosteli. Natamani wanafunzi wangu wafike hapo pa kupingwa.

Nesi wa Shanty Town:
Na hapa hapa Arusha mna maswali kwenye vinywa vyenu. Floraidi. Meno ya kahawia kuanzia Usa River mpaka Oldonyosambu. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi zamani maji ya vijijini tuliruhusu mpaka 8. Kituo cha Ngurdoto kimehangaika miaka na mkaa wa mifupa wa kuchujia. Mwanafunzi angepima visima kumi vya mtaa wake, kiangazi na masika, angekuwa na kitu cha kweli kuliko "athari za mitandao ya kijamii kwa ufaulu".

Kibosho_Road:
Apimie na nini? Kifaa cha kupima floraidi unakijua bei? Tunarudi kule kule kwenye hela. Huo mradi wa elimu ya juu wa HEET wa Benki ya Dunia, dola milioni 425 tangu 2021, majengo tunayaona, walimu wanapelekwa kusoma, tusubiri tuone kama na vifaa wanafunzi wa digrii watavigusa au vitafungiwa kabatini na kitenge juu.

Kiboroloni77:
Wakuu nimeshukuru, nondo ni nyingi. Naona tuna wa hesabu za sekondari, wa mfumo, wa hela, wa vyeo, na Babu na nne zake. Mimi bado nashuku kitu kingine, kwamba hakuna aliye nje ya chuo anayezihitaji hizi tasnifu. Halmashauri haizisomi, ushirika hauzisomi, sisi waajiri hatuziombi. Ingekuwa kuna mtu anasubiri jibu...

Tindigani:
Waajiri hamziombi halafu mnalalamika. Msimu ujao ombeni na fail la data.

Kiboroloni77:
Tindigani hilo nalichukua. Tutampa mwombaji fail chafu na saa moja, lenye 99 ndani yake.

Mzee wa Chapta Nne:
Ukianza nitafute, nitawafundisha kwa bei nafuu.

Lyamungo Juu:
Na mkusanye kwa KoboToolbox, app ya kujazia dodoso kwenye simu, ya bure inatosha. Inarekodi muda wa kuanza, muda wa kumaliza na mahali. Nilifungua fomu za kijana mmoja, kaya kumi na nne za kata tatu, zote zimejazwa pointi moja ya GPS, kila kaya dakika mbili. Ukiangalia ramani ni baa moja ya pale Majengo.

Mangi wa Sakina:
Siyo kosa lake, labda kata tatu zote zilikuwa zinakunywa hapo.

Boda_Usa River:
Samahani wakuu nimechelewa, mimi ni mwaka wa tatu. Nina data za bodaboda 120, nimezikusanya mwenyewe kweli kabisa. Naomba msaada nitumie kipimo gani, kai skwea au regresheni?

Yamane wa Pasua:
Hongera kwa kukusanya mwenyewe. Swali lako la utafiti ni lipi?

Boda_Usa River:
Ndo nilikuwa nataka mnishauri na hilo mkuu.

Dada_Njiro:
Njoo inboksi mdogo wangu. Lete na dodoso.